Kupanga bahari ya Mtwara pamoja na jirani: kazi inaanzia wapi, na inakwama wapi

Mpaka wa bahari kati ya Tanzania na Msumbiji ulikubaliwa kwa mkataba wa tarehe 28 Desemba 1988. Kwenye mlango wa Mto Ruvuma, maji ya ndani yamefungwa kwa mstari ulionyooka kati ya Ras Mwambo upande wetu na Ras Matunda upande wao. Kutoka hapo mpaka wa bahari ya taifa, ile ya maili 12 za baharini, unapita katikati ya pwani hizi mbili ukielekea kaskazini-mashariki. Unaendelezwa hivyo hivyo mpaka kwenye latitudo 10°05'29" Kusini, kisha unanyooka mashariki ukiifuata latitudo hiyo. Mwaka 2011 nchi hizi mbili pamoja na Komoro zilikubaliana pia mahali mipaka yao mitatu inapokutana.

Kipande kile cha mwisho kinawashangaza wengi wakikiona kwenye ramani. Bandari ya Mtwara iko karibu na 10°16' Kusini, yaani kusini ya mstari huo. Chombo kikitoka bandarini, kikashika mashariki bila kugeuza usukani, mwishowe kinaingia maji ya Msumbiji. Nahodha hakukosea njia. Ndivyo pwani ilivyopinda.

Kwa hiyo shida yetu kusini haiko kwenye mpaka wenyewe. Mpaka upo na umesainiwa, jambo ambalo nchi nyingi duniani bado zinalitafuta. Kinachokosekana ni mpango unaosema nini kifanyike pande zote mbili za mstari huo, wapi, msimu gani, na nani amwambie nani kabla ya kuanza. Mpango wa matumizi ya bahari unaochorwa Dar es Salaam ukaishia kwenye mstari, na mwingine unaochorwa Maputo ukaishia kwenye mstari huo huo, haviunganiki kwa kuwekwa sambamba. Tunavyoona, kazi ianze na vile vinavyovuka: maji, samaki, mafuta yakimwagika, sauti ya mitambo, na watu. Ramani za kanda zifuate baadaye.

Maji yanakokwenda

Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita kaskazini ya Madagaska, na kuigonga pwani ya Afrika karibu na Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, kwenye latitudo ya 10 hadi 11 Kusini. Hapo unagawanyika. Tawi moja linapanda kaskazini kupitia Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia mpaka Kenya. Jingine linashuka kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji na kuvunjika kuwa mizunguko mikubwa ya maji. Miamba ya Ghuba ya Mnazi na ya kaskazini ya Cabo Delgado imekaa penye njia panda hiyo, ndiyo maana ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe huelea siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, kabla ya kutua. Vinavyozaliwa hapa vinaweza kutua Kilwa au mbali zaidi, na vinavyotua hapa vimetoka kwenye miamba ya jirani au ya visiwa vya mbali.

Msimu wa kusi, tawi la kaskazini hukimbia kwa mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Kaskazi ikiingia linapoa sana. Chukua kasi ndogo ya hizo, mita 1 kwa sekunde: ni kilomita 86 kwa siku. Kutoka mlango wa Ruvuma hadi Mtwara mjini ni takriban kilomita 35 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kitu kinachoelea nje ya miamba, kikishikwa na mkondo huo, kinapita mbele ya Mtwara katika muda wa saa kumi hivi. Ndani ya ghuba na nyuma ya miamba mambo ni tofauti, maana huko maji yanaongozwa na kujaa na kupwa kuliko mkondo mkubwa, nayo huenda polepole zaidi. Anayepanga asichanganye hesabu hizi mbili. Mpango unaohitaji siku tatu za kuandikiana barua ndipo hatua ianze hauwezi kushindana na saa kumi.

Mto wenyewe nao ni sehemu ya hesabu. Sehemu kubwa ya bonde la Ruvuma iko Msumbiji, kiasi cha theluthi moja iko kwetu, na kipande kidogo kiko Malawi. Udongo na maji matamu vinavyolisha mikoko ya delta vinatoka pande zote. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapa hapa Mtwara, na bado vikao vingi vya bahari huitishwa bila kuikumbuka.

Sheria, kwa ufupi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitaka nchi zenye samaki wa pamoja kutafuta makubaliano ya namna ya kuwahifadhi (ibara ya 63), kuarifiana mara moja palipo na hatari ya uchafuzi (ibara ya 198), na kutathmini athari za shughuli kubwa kabla ya kuzianza (ibara ya 206). Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari na pwani ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 1996, una itifaki yake ya kushirikiana wakati wa dharura ya uchafuzi wa bahari. SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ina Itifaki ya Uvuvi ya mwaka 2001. Kwa jodari na jamaa zake ipo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli. Msumbiji ina kanuni za matumizi ya eneo lake la bahari tangu mwaka 2017, chini ya Dikrii namba 21, na hati yao ya msingi inaitwa Plano de Situação. Afisa wa upande wetu anayetaka kujua jirani amepanga nini aanze kuomba hati hiyo kwa jina lake. Akiomba “ramani zenu” atapewa chochote kilicho mezani.

Msingi wa kisheria, basi, upo wa kutosha. Vikao havikwami hapo.

Ramani mbili zisizolingana

Vinakwama mara nyingi kwenye jambo ambalo wakubwa hawaliulizi: namba za ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Msumbiji walitumia Tete, kisha MOZNET. Vifaa vya GPS na simu hutumia WGS 84. Nukta ya Arc 1960 ikisomwa kana kwamba ni ya WGS 84, katika eneo letu inahama takriban mita 300. Kwenye bahari kuu huenda usione tofauti. Kwenye mwamba wenye upana wa mita 400, au kwenye mkondo wa kuingilia bandarini, mita 300 ni mwamba mzima. Eneo lililofungwa kwa uvuvi huonekana limekaa juu ya mchanga mtupu, na boti ya doria inakamata watu wasio na kosa.

Bahati njema, Mtwara na Palma, mji wa Msumbiji ulio kusini ya Ruvuma, ziko kwenye kanda moja ya UTM (mfumo unaogawa ramani ya dunia kwa kanda), ya 37 Kusini, yenye mstari wa kati wa digrii 39. Kwa hiyo kubaliana siku ya kwanza, kwa maandishi: data zote zitunzwe kwa WGS 84, na kila faili iandikwe ilitoka kwenye msingi gani, imegeuzwa na nani, lini. Faili isiyo na maelezo hayo irudishwe kwa aliyeituma. Ni ukali unaookoa miezi.

Kosa la pili ni la kuandika. 10°30' ni digrii 10.5, sio 10.30. Anayeziandika kama kitu kimoja amehamisha nukta kwa digrii 0.2, yaani maili 12 za baharini, upana mzima wa bahari ya taifa. Anayesahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya kusini ameipeleka nukta ya Msimbati mpaka nyanda kame za Ethiopia. Hilo huonekana haraka. La digrii 0.2 halionekani, maana nukta bado iko baharini na inapendeza. Tumieni digrii zenye desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Hiyo inatosha kufikia usahihi wa kama mita moja.

La tatu ni kina. Ramani za ubaharia hupima kina kutoka kwenye kiwango cha maji yanapokupwa sana, wakati ramani za ardhi hupima mwinuko kutoka usawa wa wastani wa bahari. Hapa kwetu bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, huinua na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3. Ukiunganisha ramani za namna hizo mbili bila kurekebisha, maeneo wanakochokoa pweza akina mama wakati wa bamvua yatatokea kama bahari ya kudumu au kama nchi kavu, na hayataingia kwenye mpango kama mahali pa kazi. Kinachofutika hapo ni riziki ya wanawake wengi wa Msimbati na Mikindani.

Kuhusu wingi wa data, shauri letu ni tabaka chache za ramani zilizo kamili pande zote mbili kuliko tabaka nyingi zilizojaa upande mmoja tu. Kina, makazi ya viumbe (matumbawe, majani ya bahari, mikoko), maeneo ya uvuvi kwa zana na kwa msimu, njia za meli na mabomba na nyaya, vitalu vya gesi, hifadhi zilizopo, na mialo. Hizo saba zinatosha kuanza mazungumzo. Tabaka iliyojaa upande wa Tanzania na kuwa tupu upande wa Msumbiji inadanganya macho: patupu huonekana ni mahali pasipo na shughuli, na mpangaji aliye mbali hupeleka mradi huko.

Kuchora na wavuvi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo panapofanyiwa haraka kuliko kote.

Chapisha karatasi ya ukubwa wa A0 kwa kipimo cha 1:50,000. Karatasi hiyo inabeba eneo la kilomita 42 kwa 59. Ukiilaza kwa urefu kaskazini-kusini, inatosha kuonyesha kuanzia Mtwara mjini hadi Palma kwenye ukurasa mmoja, na hilo lenyewe linabadilisha mazungumzo, kwa sababu wavuvi wa Msimbati na wa Palma wanaona bahari yao yote bila kukatwa. Juu yake tandika karatasi ya plastiki angavu, mbili kwa kila kikundi: moja ya kusi, moja ya kaskazi. Wanaopewa karatasi moja tu huchora msimu walio nao siku hiyo.

Gawa vikundi kwa kazi. Wa mshipi wakae peke yao, wa jarife peke yao, wa ringinet peke yao, wazamiaji peke yao, wachokoa pweza na wanaotanda uduvi peke yao. Ukiwachanganya, wenye boti kubwa ndio watakaoshika kalamu. Anza kwa majina ya miamba na vilindi kama wanavyoyaita wenyewe. Kuta na alama za nchi kavu wanazozitumia kujipima zifuate. Mwamba mmoja ukiwa na majina mawili, la upande wetu na la upande wa pili, yaandikwe yote. Baadaye mtu mmoja aende na boti mpaka kwenye sehemu kadhaa zilizochorwa, achukue nukta kwa GPS. Mchoro wa kichwani huwa sahihi kwa mpangilio, lakini mara nyingi umbali wa nje hupungua au kuzidi, hasa pale nchi kavu isipoonekana.

Ramani hizi zina hatari yake. Mvuvi anayeonyesha mwamba wake wa siri anauliza, kwa haki, nani mwingine ataiona. Kabla ya kuchora, semeni wazi kipi kitachapishwa na kipi kitabaki kwenye faili la kijiji. Kwa ramani ya hadharani, badala ya nukta weka miraba ya kilomita moja moja inayoonyesha uzito wa uvuvi. Mpangaji hahitaji zaidi ya hapo, na mwenye mwamba hajauza siri.

Halafu kuna dago. Wavuvi wa kusini hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Hufuata samaki na upepo, hupiga kambi wiki au miezi, na kambi hizo tangu zamani zimevuka mpaka kwenda Cabo Delgado na kurudi. Wamakonde wako pande zote za Ruvuma, na Kiswahili kinasikika Palma na Mocímboa da Praia kama kinavyosikika hapa. Mpango unaohesabu wavuvi kwa kijiji cha kuzaliwa unawapoteza watu hawa kabisa: kijijini hawapo siku ya kikao, kambini hawatambuliwi. Waulizwe kambini, na waulizwe mambo matatu: unatoka wapi, unaondoka mwezi gani, kibali chako kinatoka kwa nani. Jibu la la tatu ndilo litakaloonyesha ugonjwa ulipo.

Tangu vita vya Cabo Delgado vianze Oktoba 2017, na hasa baada ya mashambulizi ya Palma Machi 2021, kuvuka kwa namna ile ya zamani kumekuwa hatari na kumebanwa, na haki ya vyombo vya ulinzi kuwa macho haina ubishi. Lakini mvuvi anayezimikiwa na injini na kusukumwa na kusi hachagui upande wa kuangukia. Hili lipangwe mapema: namba ya chombo iliyopakwa kwa rangi pande zote mbili, leseni iliyo kwenye mfuko usioingia maji, orodha ya majina ya waliomo iliyoachwa kwa kiongozi wa mwalo, na watu wawili wanaojulikana, mmoja kila upande, wa kupigiana simu kuthibitisha. Bila utaratibu huo mtu hukaa ndani siku nyingi kwa kosa ambalo simu moja ingelifuta.

Kufunga upande mmoja

Tuchukue pweza, kwa kuwa ni biashara ya watu wengi wa pwani hii. Pweza hukua haraka na kuishi muda mfupi, kwa kawaida mwaka mmoja na kidogo. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua aliye chini ya gramu 500. Kufunga mwamba kwa miezi mitatu huwapa wadogo nafasi ya kuongeza uzito mara kadhaa, na siku ya kufungua mavuno hupendeza. Njia hii imetumika Kilwa na Mafia.

Karibu na mpaka, mambo mawili huiharibu. Kwanza, ukifunga upande mmoja tu, wavuvi huhamia upande wa pili ulio wazi, na mwamba wa jirani hubeba mzigo wa miamba miwili. Pili, tarehe ya kufungua ikijulikana, boti hutoka mbali na kuja kumaliza kila kitu kwa bamvua moja. Dawa ni kufunga kwa tarehe moja pande zote, kufungua siku moja, na kupanga siku hiyo iangukie bamvua, maana maji mafu, yale yanayokupwa kidogo tu, hayafichui mwamba na wachokoaji wa miguu, ambao wengi ni wanawake, wataachwa nje huku wazamiaji wakichukua chote. Kalenda ya maji inajulikana mwaka mzima kabla. Hakuna sababu ya tarehe kupangwa ovyo.

Wanunuzi lazima wawemo. Kiwanda au tajiri anayenunua pweza wa gramu 300 kutoka upande mmoja ameshaifuta kanuni ya upande wa pili, kwa sababu pweza akishakuwa kwenye barafu hana uraia. Tofauti za sheria za namna hii zinatusumbua hata ndani ya nchi yetu wenyewe: kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikataza kuvuna jongoo bahari wakati Zanzibar ikiruhusu, na mzigo ukapita kimya kimya kwenda palipo wazi. Tukijua hilo la nyumbani tutakuwa wapole zaidi tukikaa na jirani.

Vyombo vya kukaa pamoja vipo. Kwetu ni vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa jina la BMU. Kwao ni Conselhos Comunitários de Pesca, mabaraza ya uvuvi ya jamii. Kiwango chao ni kimoja na wanachama wao wanafanana. Wakutanishwe wao kwa wao kabla ya mawaziri kukutanishwa.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina takriban kilomita za mraba 650, na inafika mpaka mlangoni mwa mto. Upande wa kusini, Msumbiji ina Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas tangu mwaka 2002, lakini hiyo iko mbali kidogo chini. Kati ya hifadhi hizo mbili kuna pwani ndefu ambayo ndiyo yenye gesi. Kuunganisha Ghuba ya Mnazi na Quirimbas ni wazo linalozungumzwa katika SADC kwa miaka mingi, na tunaliunga mkono, kwa sharti kwamba vijiji vilivyo katikati viwe ndivyo vya kwanza kuulizwa.

Gesi, sauti na mafuta

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mbali zaidi, kwenye kina kirefu, kuna vitalu vya kusini mwa Tanzania vinavyotarajiwa kulisha mtambo wa Likong'o, Lindi, na ng'ambo ya mstari Msumbiji ina mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, na mtambo unaoelea wa Coral Sul, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Chini ya bahari miamba yenye gesi haijui mkataba wa 1988.

Ushirikiano unaohitajika hapa ni wa kalenda kwanza. Utafiti wa mitetemo hutuma milipuko ya hewa kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku, na sauti yake husikika majini kwa makumi ya kilomita. Nyangumi wenye nundu hupanda kuja kuzaa kwenye maji haya takriban kuanzia Julai hadi Oktoba au Novemba. Miongozo ya Uingereza, ambayo kampuni nyingi huifuata hata nje ya Uingereza, inataka waangalizi watazame bahari dakika 30 kabla ya kuanza, au 60 kwenye kina kinachozidi mita 200, wasianze kama kuna nyangumi ndani ya mita 500, na nguvu ipandishwe polepole kwa angalau dakika 20. Hayo ni ya meli moja. Meli mbili zikifanya kazi msimu mmoja pande mbili za mpaka, kila moja ikiwa na kibali safi cha nchi yake, mnyama anayeikimbia moja anaikuta nyingine. Tathmini ya athari ya mradi mmoja haitaliona hilo hata ikiandikwa vizuri vipi; linaonekana pale tu nchi mbili zinapobadilishana ratiba za vibali za mwaka unaokuja. Ombi letu ni hilo tu: orodha ya ukurasa mmoja, kila Novemba, yenye eneo, tarehe, na aina ya kazi.

Wavuvi nao wana hasara yao. Sheria ya bahari inaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka mtambo. Kwenye ramani ni duara dogo. Ongeza meli za huduma, njia zake, na meli ya utafiti inayovuta nyaya za kilomita kadhaa, na eneo la mshipi la kijiji kizima linaweza kufungwa kwa wiki. Tangazo la namna hiyo litolewe kwa Kiswahili na Kireno, litaje majina ya miamba wanayoyajua wavuvi, lipigwe redioni na kubandikwa mwaloni angalau wiki mbili kabla. Tangazo lenye namba za latitudo peke yake halimfikii mwenye mtumbwi.

Mafuta yakimwagika, kanuni ya kukadiria ni hii: doa hufuata mkondo wote, na huongezewa asilimia 3 hivi ya kasi ya upepo. Upepo wa kusi wa mita 10 kwa sekunde unaongeza mita 0.3 kwa sekunde juu ya mkondo. Kwa hesabu hiyo ajali upande wa Palma wakati wa kusi inatazama Mtwara moja kwa moja, ndani ya siku hiyo hiyo. Vizuizi vya kuelea vya kuzuia mafuta, pampu, na watu waliofunzwa vinapaswa kuwa Mtwara, na ruhusa ya kuvivusha mpaka iwe imesainiwa mapema. Mambo madogo ndiyo yanayochelewesha: forodha inayotaka ushuru wa vifaa vya dharura, uhamiaji unaotaka viza kwa wataalamu, na ndege ya upelelezi isiyo na kibali cha anga. Kila moja lina idara yake, na kila idara inaweza kusaini fomu yake miaka kabla ya ajali. Amueni pia mapema sehemu za kulinda kwanza. Mikoko ya delta ya Ruvuma iwe juu ya orodha, kwa kuwa mafuta yakiingia kwenye matope ya mikoko hukaa miaka mingi na hakuna njia safi ya kuyatoa.

Lini umwambie jirani

Nchi za Ulaya zilizo kando ya Bahari ya Baltiki zimekuwa na kikosi cha pamoja cha wapangaji wa bahari tangu mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo mwaka 2014 yaliyozitaka nchi wanachama wenye pwani kuwa na mipango ifikapo tarehe 31 Machi 2021, na kushirikiana na majirani katika kuiandaa. La kujifunza huko ni wakati wa kushauriana. Rasimu iliyokwisha kupitishwa na baraza la mawaziri haibadiliki tena kwa sababu ya barua ya jirani. Jirani anaweza kulalamika tu. Anayetumiwa orodha ya malengo na ramani ya hali ilivyo, kabla kanda hazijachorwa, bado ana kitu cha kusema kikasikilizwa.

Kwa hiyo tungepanga mara tatu. Mwanzoni, mnabadilishana data na malengo. Katikati, mnakaa pamoja na ramani za migongano, mkitazama ukanda wa tuseme kilomita 20 kila upande wa mstari. Mwishoni, rasimu inapelekwa rasmi na jirani anapewa siku 90. Wiki sita hazitoshi. Hati ya kurasa 200 kwa Kiswahili au Kiingereza inabidi itafsiriwe kwa Kireno kwanza. Njia nafuu ni muhtasari wa kurasa 15 wa mambo yanayogusa mpaka tu, uliotafsiriwa na mwenye mpango mwenyewe. Kwenye mikutano ya vijiji mkalimani hahitajiki sana, kwani Kiswahili kinatosha. Kwenye mikutano ya maofisa anahitajika, na awe anajua maneno ya bahari. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, hivyo hakuna anayeomba upendeleo akitaka hati zake ziwe kwa Kiswahili.

Nani aitishe? Ngazi ya mkoa tunayo tayari njia inayofanya kazi: vikao vya ujirani mwema kati ya uongozi wa Mtwara na wa Cabo Delgado. Kwa kawaida hujaa masuala ya ulinzi, uhamiaji na biashara. Iongezwe ajenda ya kudumu ya bahari, na katibu wake awe mtu wa sekta, afisa uvuvi au wa hifadhi, mwenye daftari la maazimio. Kutoka Dar es Salaam na Dodoma wahitajika uvuvi, Hifadhi za Bahari, NEMC (baraza la mazingira), TPDC na PURA (shirika la petroli na mdhibiti wake), TASAC (shirika la uwakala wa meli), mamlaka za bandari na hali ya hewa. Na kwa kuwa uvuvi wa bahari kuu ni suala la pande mbili za Muungano, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu ikae mezani pamoja na wenzetu wa Zanzibar. Komoro wakaribishwe mambo yakifika kwenye jodari.

Kinachoua vikao hivi ni uhamisho. Afisa aliyejenga uhusiano miaka mitatu anahamishiwa mkoa mwingine, simu yake inaondoka naye, na mrithi wake anaanza upya. Mawasiliano yawekwe kwenye cheo: namba ya simu ya ofisi, barua pepe ya ofisi, na orodha ya wahusika ya ukurasa mmoja inayopitiwa kila Januari na kila Julai. Anayeipitia apige kila namba, Mtwara na Palma, asikie nani anapokea.